Kubadilisha kazi Nairobi: uhame ndani kwa ndani, usome jioni, uache kazi, au uingie kwa mkataba mfupi?

Anayetaka kubadilisha kazi mara nyingi huanza na kozi: nisome nini, wapi, kwa pesa ngapi. Mahojiano huyaweka mwisho kabisa, atayafikiria akiitwa. Ni afadhali aanzie huko mwisho. Njia unayotumia kuhama ndiyo inayoamua swali litakalokukaba mbele ya jopo. Aliyehama ndani ya kampuni huulizwa lake, aliyeacha kazi akakaa mwaka mzima akisoma huulizwa lake, na majibu yote mawili hayatungwi usiku wa kuamkia mahojiano. Hujengwa miezi mingi kabla, kwa jinsi mtu alivyoitumia hiyo miezi.

Hapa tunazilinganisha njia nne kwa vipimo vinne: fedha na muda inaokula, swali gumu inalokuletea, mahali inapoharibikia, na mtu inayemfaa. Hakuna inayomfaa kila mtu. Mwenye watoto watatu na mkopo wa Sacco hawezi kupimwa kwa kigezo cha aliyemaliza chuo juzi na bado anakaa kwa wazazi.

Kabla ya kuchagua: je, kazi unayoiendea ina lango la kisheria?

Jibu hili kwanza, maana linaweza kufuta njia mbili kati ya nne. Huwezi kufundisha shuleni bila kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, wala kuwa muuguzi bila Baraza la Wauguzi. Anayetaka kuwa wakili ana shahada ya sheria, mafunzo ya Kenya School of Law kule Karen, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Uhasibu una mitihani ya KASNEB, bodi ya taifa ya mitihani ya wahasibu. Katika kazi za aina hiyo, kozi ya wiki kumi haikufikishi popote, hata tangazo liwe limepambwa vipi.

Kazi nyingine hazina lango: mauzo, uchanganuzi wa data, uratibu wa miradi, huduma kwa wateja, uundaji wa programu. Huko kinachotazamwa zaidi ni kama unaweza. Kwa kazi za mikono kuna majaribio ya ufundi ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia gereji anaweza kuyafanya. Kabla hujalipa karo popote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA (mamlaka ya vyuo vya ufundi), au chuo kikuu na CUE (tume ya vyuo vikuu). Ni kazi ya dakika kumi, na imewaokoa wengi.

Njia ya kwanza: kuhama ndani kwa mwajiri yuleyule

Fedha na muda. Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Mshahara haukatiki, makato ya Sacco yanaendelea, na kama wewe ni mfanyakazi wa benki mwenye mkopo wa riba nafuu ya wafanyakazi, riba hiyo inabaki ilivyo. Kigumu ni kwamba saa si yako: unasubiri nafasi itangazwe. Huenda ikaja baada ya miezi mitatu, huenda miaka miwili. Usikae bure ukiisubiri. Iombe idara unayoitaka kazi moja ndogo yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kulinganisha bei za wauzaji watano au kusafisha orodha ya wateja, uifanye kwa saa mbili tatu kwa wiki, na uhifadhi kilichotokea kwa tarakimu.

Swali gumu. "Sisi tunakujua kama mtu wa stoo. Kwa nini tukupe ununuzi?" Wengi huanguka hapa kwa sababu wanadhani wanajulikana. Katika mashirika mengi, na hasa ya umma, kila mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama, na anatakiwa kukupa alama kwa ulichosema chumbani, si kwa anachokumbuka kutoka korido. Mwombaji wa nje anaeleza kila kitu kwa ukamilifu. Wewe unasema "kama mnavyojua" na kunyamaza. Yeye anapata nane, wewe nne. Jieleze kama vile wajumbe wote ndio wanakuona leo mara ya kwanza.

Panapoharibika. Pa kwanza ni bosi wako kusikia habari kwa mtu mwingine. Mwambie mwenyewe, siku moja kabla ya kutuma ombi, kwa sentensi mbili tu. Pa pili ni karatasi. Unahamishwa kwa mdomo, unafanya kazi mpya kwa mshahara wa zamani, na mwaka unaisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yaandikwe, mfanyakazi akiwa ameshauriwa. Barua yako itaje cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, na itakuwaje usipofaulu huko uendako. Hilo la mwisho husahauliwa, nalo ndilo linaloamua kama utarudi kwenye kiti chako au utabaki hewani.

Inamfaa nani. Mwenye wategemezi wengi na mkopo unaoendelea, aliye kwenye taasisi yenye idara nyingi. Haimfai aliye ofisi ya watu sita, wala ambaye tatizo lake hasa ni mahali penyewe na si kazi anayofanya.

Njia ya pili: kusoma jioni huku ukiwa kazini

Fedha na muda. Karo unaiona kwenye karatasi; gharama isiyoandikwa ni saa. Darasa la saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku katikati ya jiji linamfikisha mkaaji wa Rongai au Ruiru nyumbani saa tatu unusu kwenda saa nne, siku nyingine zaidi mvua ikinyesha. Siku tatu za hivyo na Jumamosi asubuhi, na bado hujafungua daftari. Piga hesabu ya nauli ya usiku, ambayo hupanda, na chakula cha nje. Darasa la mtandaoni linaokoa safari, ila linahitaji mlango unaofungika na watu wa nyumbani wanaojua kwamba saa hizo haupo.

Likizo ndiyo hazina yako. Sheria inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Mitihani ya KASNEB hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Anayejua hivyo huomba siku zake mapema na kuzigawa, kwa mfano siku saba kabla ya kila kikao anachokaa. Anayezimaliza zote kwa safari ya ushago Desemba huingia mtihani wa Aprili bila hata siku moja ya kurudia.

Swali gumu. "Umesoma, sawa. Umefanya nini?" Cheti peke yake hakilijibu. Njoo na kazi uliyoifanya mwenyewe: vitabu vya hesabu vya chama chenu vya mwaka mzima, ripoti ya data ya mauzo ya duka la mtaani, mpango wa mafunzo uliouandikia idara yako. Iwe kurasa mbili au tatu, uweze kuieleza kwa dakika mbili: ulianza na nini, ulikwama wapi, ulikwamuka vipi. Pale pa kukwama ndipo wahoji hupenda kukaa, kwa sababu aliyenakili hana cha kusema hapo.

Kuna na swali la pili linalokuja kwa upole: "Ukiwa kazini, ulipata wapi muda?" Wanachouliza kwa kweli ni kama uliiba muda wa mwajiri. Jibu kwa ratiba: jioni zipi, wikendi zipi, likizo ipi.

Panapoharibika. Mara nyingi ni katikati, si mwanzoni. Hamu ya mwanzo imeisha, mwisho hauonekani, kazini lawama zimeanza. Kinga yake ni kuchagua kozi yenye vituo, ambayo ukiishia njiani unabaki na cheti cha hatua uliyofika. Pa pili ni karo inayolipwa na mwajiri. Ni msaada mkubwa, ila mara nyingi huja na mkataba wa kukufunga: ubaki miaka kadhaa au urudishe pesa. Usome kabla ya kusaini, hasa kama nia yako ni kuondoka. Pa tatu ni kutoroka kwenda mahojiano. Usijifanye mgonjwa, Nairobi ni kubwa lakini sekta zake ni ndogo, na mtu atakuona kwenye lifti huko Upper Hill. Tumia siku ya likizo, au omba mahojiano ya saa moja na nusu asubuhi. Yakiwa ya mtandaoni saa ya chakula cha mchana, tafuta chumba chenye ukimya na uwe na bando kwenye simu nyingine, stima isije ikapotea katikati ya sentensi.

Inamfaa nani. Anayeelekea kazi yenye lango la kisheria, mwenye mwili unaostahimili usiku mfupi kwa mwaka mmoja au miwili, na nyumba inayomuunga mkono. Mzazi wa mtoto mchanga asijilaumu akiiahirisha.

Njia ya tatu: kuacha kazi na kujitosa

Fedha na muda. Hii inaogopwa na wengine kupita kiasi, na wengine huirukia bila hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme matumizi yako ya lazima kwa mwezi ni haya: kodi ya nyumba 20,000, chakula 18,000, stima na maji na gesi 5,000, nauli 6,000, simu na intaneti 3,000, na nyumbani kwa wazazi 5,000. Jumla shilingi 57,000. Sasa usihesabu miezi ya kozi peke yake. Kozi miezi 6, kutafuta kazi miezi 6, na mwezi mmoja wa kufanya kazi kabla mshahara wa kwanza haujaingia: miezi 13. Hiyo ni shilingi 741,000, na karo bado. Anayeanza na akiba ya miezi sita kwa kozi ya miezi sita amepanga kukosa pesa siku ya kuhitimu.

Mambo manne yamalizwe kabla ya barua ya kujiuzulu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Ukiondoka bila notisi, wewe ndiye unayemlipa mwajiri. Mkopo wa Sacco: makato yakikoma na wewe ukanyamaza, Sacco itawaendea wadhamini wako, na hao ndio wenzako utakaotaka wakusemee vizuri. Nenda ukapange upya malipo ungali na karatasi ya mshahara mkononi. Bima ya afya: asiye na mwajiri anajilipia mwenyewe mchango wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Na mwisho, cheti cha utumishi. Mwajiri analazimika kukupa kama ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, ila halazimiki kuandika sifa zako. Kwa hiyo warejelewa wako, yaani watu watakaokusemea kwa mwajiri mpya, watafute wewe mwenyewe, kabla hujatoka mlangoni.

Swali gumu. "Mbona uliacha kazi nzuri?" na ndugu yake, "Umekuwa ukifanya nini tangu hapo?" Wengi hujitetea, wengine humlaumu bosi wa zamani, na wote wawili wanaharibu. Jibu zuri lina tarehe na vitu vya kushikika: "Niliondoka Januari baada ya notisi, nikamkabidhi mwenzangu mafaili yote. Miezi sita nilisoma. Tangu Agosti nimekuwa nikitunza hesabu za maduka mawili. Hizi hapa za Septemba." Sentensi nne. Halafu nyamaza. Jopo likikaa kimya, usiujaze ukimya huo kwa kujieleza tena. Huenda mjumbe anaandika alama yako.

Ukipita miezi minne baada ya kozi bila kazi, tafuta kazi ya kujitolea au ya malipo madogo yenye siku maalumu, ili pengo kwenye CV lipate jina. Jina la kweli. Kampuni ya kubuni uliyojiajiri ndani yake hubomoka kwa simu moja.

Panapoharibika. Kwenye mwezi wa tisa, akiba inapoanza kuonyesha chini, mtu hukubali kazi yoyote, mara nyingi ileile aliyoikimbia, kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani. Panga tarehe hiyo mapema: andika leo kwamba ikifika siku fulani hujapata, utafanya nini. Na hapo ndipo matapeli hukukuta. Mtu anayekutaka utume pesa ya fomu, ya uchunguzi wa afya au ya kutengewa nafasi ya mahojiano anakuibia. Mawakala halali wa ajira wana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na leseni hiyo inaweza kuthibitishwa.

Inamfaa nani. Mwenye akiba iliyohesabiwa kama hapo juu, au mwenzi mwenye mshahara aliyekubali kwa moyo. Pia aliyepunguzwa kazini, ambaye uamuzi ulifanywa na wengine: huyo anastahili fidia ya siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza, na aijumlishe kwenye hesabu ya miezi 13 kabla ya kulipia kozi.

Njia ya nne: kuingia kwa mkataba mfupi

Fedha na muda. Miezi mitatu au sita, mara nyingi kwa malipo ya chini kuliko uliyozoea, wakati mwingine kama mshauri na si mwajiriwa. Ukilipwa kama mshauri utakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na ripoti ya mapato kwa KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia Juni 30 ni juu yako. Kwa mshauri hakuna likizo yenye malipo, hakuna mchango wa mwajiri kwenye NSSF, mfuko wa pensheni.

Swali gumu. "Ulikuwa meneja. Utakubali kutumwa na kijana wa miaka 25?" Usijibu "ndiyo" tupu. Taja mara moja ulipofundishwa kazi na aliye chini yako kwa umri au cheo, na ulichobadilisha baada ya hapo.

Panapoharibika. Mkataba ukifika mwisho, umekwisha. Kusifiwa hakuufanyi ujirudie. Wiki sita kabla ya tarehe hiyo, uliza kwa maandishi. Kibarua wa kila siku naye ajue kwamba akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria humtazama kama mwajiriwa wa mwezi, na notisi inamhusu.

Inamfaa nani. Asiyejua kwa hakika kama kazi mpya anaipenda. Miezi mitatu ndani itakuonyesha ambayo hakuna kozi inayoonyesha.

Yanayokukuta chumbani, njia yoyote uliyopitia

Mahojiano mengi Nairobi huendeshwa kwa Kiingereza, na watu hukariri majibu ya Kiingereza waliyoyakuta mahali. Fikiria kwanza kisa chako kwa lugha unayoitumia kugombana nyumbani, mpaka kikae sawa, ndipo ukiseme kwa Kiingereza kwa sauti, mara tano, ukijipima kwa saa. Dakika moja na nusu inatosha. Mpangilio wa hali, jukumu, hatua na tokeo unasaidia, ila mbadili kazi huumaliza kwa sentensi ya tano: hatua hiyo inatumikaje kwenye kazi hii. Mwalimu akisema alipunguza utoro darasani, aseme pia kwamba alifanya hivyo kwa kufuatilia rekodi kila wiki na kupiga simu kwa wazazi, na kwamba kufuatilia wateja wanaochelewa kulipa kunaenda kwa njia hiyohiyo.

Swali la mshahara. Usidanganye kuhusu unaolipwa sasa. Wengi watadai karatasi za mshahara za miezi mitatu. Lakini si lazima bei yako mpya ifungwe kwenye ile ya zamani. Taja kiwango cha kazi unayoiomba, kwa mshahara ghafi, ukiwa umeshapiga hesabu ya kitakachobaki. Kwa shilingi 100,000, makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75 ni 2,750 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 1,500, kabla ya NSSF na PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Nauli ya Kitengela hadi Westlands nayo ni sehemu ya mshahara.

Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, kisha eleza ungeanzia wapi kukitafuta. Kwa anayetoka kazi nyingine hilo halimgharimu sana, kwa sababu jopo limeshajua kuna mapengo. Linachotaka kuona ni unafanya nini ukilifikia pengo.

Kwa hali yako

Ukiwa na wategemezi na mkopo, na mwajiri wako ana idara nyingine, anza na kuhama ndani. Jipe miezi 12, na kama hakuna nafasi iliyotangazwa, ongeza darasa la jioni.

Kazi unayoitaka ikiwa na lango la kisheria, kusoma jioni ndiyo njia ya wengi, na kuacha kazi kuna maana pale tu masomo yasipowezekana jioni.

Ukiwa na akiba ya miezi 13 na kazi yako ya sasa inakuvunja afya, kuondoka si ujinga, mradi uondoke na notisi, cheti cha utumishi na warejelewa watatu.

Kama bado una shaka na kazi yenyewe, tafuta mkataba mfupi, au hata wiki mbili za likizo yako ukikaa kando ya anayeifanya.

Na ukiwa umeitwa mahojiano wiki hii kabla hujachagua chochote, nenda. Rudi uandike maswali yote uliyoulizwa na uweke alama kwenye yale uliyoshindwa. Ukishaona ulishindwa kwa kukosa cheti, kwa kukosa kazi ya kuonyesha, au kwa kutojua kujieleza, utajua ni ipi kati ya hizi nne inayoziba pengo hilo.